Pasi Isiyo na Kijogoo

Zima hiyo redio, Mwalimu. Na wewe Fundi, weka chini simu za watu, hazitakufa leo. Anayekufa ni mimi, na mnanijua, nikishamuahidi mteja siku sipendi kuchelewa. Sogeeni hapa kitandani, maana sauti yangu haivuki hata meza, na haya ninayotaka kusema sina nguvu ya kuyasema mara mbili. Mlango wa koridoni uacheni wazi. Najua nani amekaa pale nje kwenye stuli, najua pia nani kamwambia asiingie, na hilo nitalifikia, lakini uacheni wazi asikie.

Nianze na mepesi. Mwalimu umeshajenga kwako, na Fundi una kibanda chako cha simu na mke mwenye akili kukuzidi, kwa hiyo vyumba vya nyuma mtagawana nyinyi wawili, mkitaka mpangishe, mkitaka muuze, ila msije mkanuniana mbele ya wajukuu zangu. Nguo za wateja zilizobaki kabatini wenyewe wakija wapewe, na msiwaulize walikuwa wapi. Ile suti ya bwana harusi aliyeghairi mpeni yeyote itakayemtosha, maana mwenyewe nilimwona juzijuzi, ana tumbo la kutosha suti mbili. Na chumba cha mbele, chumba cha kazi, chenye meza ndefu ya kunyooshea na dirisha linalotazama barabara, hicho nampa dada yenu. Yeye, na si mwingine.

Haya, mmeshaangaliana. Mlidhani sioni.

Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, wanangu, nimesikia mlivyopanga. Nikishafumba macho, dada yenu asikae na ndugu siku ya maziko, na asikanyage tena chumba cha mbele, kwa sababu ndimo alimomuua baba yenu mdogo. Mlisema mkidhani nimelala. Mgonjwa halali, baba, mgonjwa anafumba macho tu ili watu waseme. Sasa sikilizeni jinsi ilivyokuwa, kutoka kwa mtu aliyekuwemo, kisha mtaniambia kama bado mna ubavu wa kumfungia mlango.

Baba yenu mdogo aliwapenda, sitawaambia vinginevyo. Baiskeli ile nyekundu alinunua yeye. Fundi ulikuwa ukipanda mabegani mwake ukimshika masikio kama usukani, naye anacheka mpaka machozi. Lakini baba yenu alipofariki, ndugu yake akaingiwa na neno kwamba nyumba ni ya damu yao na mimi ni mpita njia niliyepumzika humu kidogo. Akawa anakuja kunitaka nifungashe. Mara ya kwanza alikuja na maneno. Mara nyingine alikuja amelewa, akaichukua stuli, hiyohiyo aliyoikalia dada yenu sasa, akairusha dirishani, vioo vikamwagika juu ya nguo za watu. Dada yenu alikuwa hajamaliza hata shule ya msingi, ananisaidia kunyoosha mashati, na alipoona vile akainyanyua pasi ya mkaa, nzito kama alivyokuwa yeye mwenyewe. Nikamwambia weka chini. Kioo ni kioo, nikamwambia, kitanunuliwa kingine. Akaweka. Yule bwana akaondoka anacheka.

Tukawa tunaokota vioo, mtoto akaniuliza, "Mama, tutamvumilia mpaka lini?" Na mimi, huku nakunja shati la mtu, bila hata kumtazama, nikamjibu, "Mpaka siku atakayotunyima mlango." Nilisema tu, kama mtu anavyosema jambo huku mikono inafanya kazi nyingine. Lakini mtoto alilishika neno lile, akaenda nalo shuleni, akalala nalo.

Baba yenu mdogo alirudi mchana mmoja, watu wako makazini, nyinyi mko shuleni, dada yenu nimembakiza anisaidie kazi. Safari ile hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu wa kelele nimeshamzoea. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akasukuma komeo. Nililisikia lile komeo likiingia. Akanibana kwenye ukuta, baina ya meza na kabati, akanishika shingo kwa mikono miwili, na wala hakuwa amelewa, macho yake yalikuwa meupe na safi kabisa. Nilitaka kupiga ukelele, ukelele haukutoka. Niliona shati jeupe la karani juu ya meza likianza kuwa jeusi, nikajua si shati, ni macho yangu. Na juu ya bega lake nikamwona mtoto wangu. Alitazama komeo. Alinitazama mimi. Akatazama komeo tena, wanangu, kama anayesoma kitu nilichomwandikia.

Alimpiga mara moja tu. Kile kijogoo cha shaba kinachofungia kifuniko cha pasi kikaruka, sijakiona mpaka leo, na makaa yakamwagika juu ya shati la karani.

Huko kwa baba zenu mliambiwa alipigwa kisogoni, na kwa sababu ni kisogoni, basi aliviziwa. Neno hilo mmelibeba mpaka mmeota mvi. Mwalimu, wewe unafundisha watoto hesabu, nifanyie na hii: mtu anayemkaba mama yako uso wake ameuelekeza wapi? Dada yako angempiga wapi, usoni, wakati uso umegusana na wangu? Kisogo ndicho alichompa mtoto. Hakuwa na sehemu nyingine.

Tena sikilizeni kilichofuata, maana hiki hakuna aliyewahi kuwasimulia. Aliiweka pasi kwenye kigae chake cha kuwekea, kwa utaratibu, kama nilivyomfundisha kwamba pasi haiachwi imelala. Akazima makaa. Akakunja taulo akamwekea baba yake mdogo chini ya kichwa, akafungua komeo, akaita majirani kwa sauti ambayo sikujua anayo. Halafu akarudi akakaa chini, akamshika yule bwana mkono. Mimi nilikuwa nimejikunja pembeni natafuta pumzi. Yeye alimshika mkono akawa anamwambia, "Baba mdogo, gari linakuja, baba mdogo, vumilia." Gari lilipofika alikuwa ameshakata roho, na mtoto bado anamwambia avumilie.

Hakimu alituita, akasikiliza, akamtazama mtoto, akanitazama shingo. Akasema hana hatia, na kwamba hata mtu mzima asingefanya vinginevyo. Basi nikadhani yameisha.

Fundi, njoo. Lete mkono wako. Gusa hapa, chini ya kidevu. Unasikia kifupa kinavyochezacheza? Sauti hii ya kukwaruza mnayoiigiza kwa wake zenu, mkisema mama kaharibiwa na moshi wa mkaa, haikuharibiwa na moshi. Kabla ya mchana ule nilikuwa naimba nikinyoosha nguo, watu wanasimama barabarani.

Mtaniuliza, mbona hukutuambia? Nilitaka. Aliyenizuia ni yeye. Tulipotoka kwa hakimu alinishika kanga akaniambia, "Mama, wadogo zangu usiwaambie alivyokukaba. Baba hawana. Waache wabaki hata na baba mdogo wa kumkumbuka." Nikasema sawa, mpaka wakue. Mkakua. Na kila nilipofungua mdomo alikuwa ananitazama kwa jicho lile, nami nanyamaza. Kwa hiyo mkapata baba mdogo mwema wa kumkumbuka, na aliyewalipia gharama ni huyo mliyemtoa nje.

Mkampa na jina. Mikunjo. Eti binti wa dobi anatembea nguo zimekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni. Mlicheka, na mimi mkinikuta mnachekea tumboni. Hamkujiuliza. Tangu mchana ule hajashika pasi, si ya mkaa, si ya umeme, na akiona imewashwa hutoka chumbani. Pale hospitalini anapofagia, msimamizi wake humgombeza kwa sababu ya sare, naye husema samahani bosi, kesho. Na siku ya harusi yako, Mwalimu, alikuja na gauni jipya alilolinunua kwa kujinyima, limekunjamana vilevile lilivyotoka dukani, ukamwambia akae nyuma asiharibu picha. Alikaa nyuma. Aliniambia, "Mama, huku nyuma kuna upepo mzuri."

Ngoja. Nipeni maji. Kidogo tu... basi, yanatosha.

Pasi ile sikuitupa. Nilikuwa na hiyohiyo, na nyinyi mlikuwa mnataka kula. Kila shati mlilovaa kwenda shule nililinyoosha nayo, Mwalimu hata lile ulilovaa siku ya mtihani. Kifuniko bila kijogoo hakitulii. Nilikifunga kwa waya, waya ukawa unalegea, kikawa kinagonga kila ninapovuta pasi, kwa-kwa, kwa-kwa, na kila kikigonga namwona mtoto anatazama komeo. Nikanunua za umeme. Kikaendelea kugonga. Sasa hivi pasi iko uvunguni humu, imefungwa kwenye gunia, na nakisikia. Tulikuwa na haki, hakimu alisema, na mimi nasema, na nikiulizwa huko niendako nitasema palepale mlangoni. Lakini haki haikunyamazisha kifuniko.

Ndiyo maana nataka kusema na wewe, Fundi, uniangalie. Wezi walikubebea televisheni, ukanunua panga, ukaliweka chini ya godoro. Kila mgeni unamtolea umwonyeshe, unasema, akija mtu namkata, simuulizi jina. Na huyohuyo wewe unamwita dada yako muuaji! Unamnolea panga mtu usiyemjua, kwa ajili ya televisheni, halafu humsamehei mtoto aliyemzuia mtu aliyekwisha kunishika koo? Mwanao ameniambia ameshalishika hilo panga. Alinionyesha hata jinsi ulivyomfundisha kulishika. Nilimwitikia, vizuri mjukuu wangu, halafu nikageukia ukutani.

Mtu akiwa dirishani, washa taa, piga kelele, toa watoto kwa mlango mwingine, mwache abebe anachobeba. Akikutukana, mwache atukane mpaka achoke. Akivunja, tutanunua kingine. Lakini akikunyima mlango, mikono yake ikiwa shingoni mwa mtu wako, na hakuna wa kukusikia, hapo chukua chochote kilicho karibu, upige, wala usingoje kuniomba mimi ruhusa. Na akianguka, acha. Yule mtoto aliacha. Alikuwa na pasi mkononi na hasira ya miaka, akaiweka kwenye kigae chake. Mimi sijui kama ningeiweka. Na hata ukifanya yote sawasawa, baba, hutalala kama ulivyokuwa unalala, kwa hiyo usiitamani siku hiyo kama unavyoitamani, ukiwaonyesha wageni. Leo hiihii ukitoa panga hilo chumbani, ukafyekee majani yaliyoota nyuma ya nyumba, nitashukuru.

Nimechoka sasa.

Mwalimu... unalia? Lia tu, hakuna mwanafunzi hapa. Nenda mlangoni. Mwambie aingie. Hapana, usimwite Mikunjo. Mwite dada. Unakumbuka jinsi ya kumwita.

Njoo, mama. Mpisheni, akae hapa kichwani. Nimewaambia. Unikasirikie, lakini nimewaambia, sikuweza kwenda nalo. Chumba cha mbele ni chako. Ukitaka uuze humo nyanya, ukitaka ufunge ulale, ukitaka ubomoe ukuta ule. Pasi wataizika wadogo zako, si wewe. Wewe usiiguse.

Na hili la mwisho, nyinyi wawili... mnajua mimi ni nani mtaa huu. Hajawahi kutoka mtu mikononi mwangu na kola iliyopinda. Baba yenu nilimzika suruali za waombolezaji zote zina mstari. Mimi, siku yangu, msinyooshe nguo. Wewe Mwalimu, mkeo, wajukuu, Fundi na suti yako, vaeni zilivyotoka sandukuni, zimekunjamana hivyohivyo. Mkae naye safu moja, mbele. Mtu akiuliza, mbona watoto wa dobi... mwambieni ndivyo alivyotaka. Mkipiga picha, yeye akae katikati.

Mungu awape nyumba zenye milango inayofunguka. Awaepushe na mchana kama ule. Na ukiwafika... awape mkono unaojua kuacha. Wajukuu zangu wapate usingizi. Mpendane, mnasikia? Wewe dada wasamehe, walikuwa watoto. Ulisema mwenyewe wabaki na mtu wa kumpenda... sasa wanaye, huyu hapa, wewe.

Nishike mkono. Hivyo. Kama ulivyomshika... ndiyo. Mkono wako una joto.

Kuna mtu kagusa pasi uvunguni? Hakuna? Basi kifuniko kimenyamaza chenyewe. Sikilizeni... kimenyamaza.

Huo mlango msiufunge. Uacheni hivyohivyo.