Neno Moja Chini ya Jina

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, nalo limeegemea ukuta wa karakana yangu ya baiskeli. Asubuhi ile waliketi Breki, dereva mstaafu, na shemeji yangu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mchora vibao alisimama juu ya kigoda, brashi mkononi. Alikwisha kuandika jina la mwanangu ukutani, Mungu amrehemu. Chini yake lilibaki neno moja, nami nilikuwa sijalipata. Miaka kumi na moja mwanangu aliendesha baiskeli za mashindano kwa kulipwa, nchi za watu, na hakushinda hata mara moja.

— Andika BINGWA, tumalize, — alisema Redio.

— Hakuwa bingwa, shemeji. Sitaweka uongo chini ya jina la marehemu. Mungu anasoma hata kuta.

— Angeshinda! Wakubwa wa timu walimshushia kiti cha baiskeli kusudi.

— Kiti gani, wewe! — Breki alidakia. — Adabu ndiyo iliyomponza. Alama za barabarani nilimfundisha mimi. Akiuona mstari mweupe wa mwisho, anadhani ni kivuko cha waenda kwa miguu. Anapunguza mwendo, watu wapite.

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

— Na milima je? — Redio akapamba moto. — Kuna mlima aliupanda mpaka ukapungua kimo. Wapimaji walikuja wakakuna vichwa. Ndiyo maana wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Mtu analipwa kwa haraka yake, Redio! — alisema Breki. — Wahenga wako walipanda baiskeli lini?

— Jamani, neno! — mchora vibao alilia kule juu. — Rangi inakauka, na mimi mwenyewe nakauka.

Niliwaeleza tena kazi ya mwanangu, taratibu, kama alivyonieleza mwenyewe. Timu ina nahodha, na huyo ndiye anayetafutiwa ushindi. Wengine hutangulia mbele yake kumkinga na upepo. Katika kila shindano mwanangu alirudi nyuma hadi kwenye gari la timu, akasheheneza chupa za maji ndani ya fulana, mgongoni na kifuani, kisha akawafukuzia wenzake mlimani na mzigo ule, akawagawia mmoja mmoja.

— Kumbe alikuwa tarishi, — Redio alisema, sauti imeshuka.

— Tarishi anayekimbizana na mabingwa huku amebeba maji yao, — Breki akamjibu. — Wewe kupandisha ndoo moja tu ngazini unaita majirani.

Mama mmoja tusiyemjua alikuwa akisubiri nimzibie pancha. Alilitazama lile jina ukutani.

— Samahani, baba. Na yeye, maji alikuwa akiletewa na nani?

Breki alichungulia kikombe chake kitupu. Mimi niliyemzaa sikuwahi kumuuliza.

Breki akainua birika la kahawa. Kilibaki kikombe kimoja, na kwa kawaida hapo ndipo ugomvi wetu huanza. Alinimiminia mimi, na hakuna aliyeguna.

— Andika MLETA MAJI, — nilimwambia mchora vibao.

— Hayo ni mawili, mzee.

— Yaandike. Ni ya kweli yote mawili.

Nikakipokea kikombe, nikampelekea pale juu ya kigoda. Alikuwa hajanywa kitu tangu asubuhi.