Shangazi Arvella na Sauti Isiyo na Jina

Ndugu msomaji, nakuomba sana: usimwonyeshe mtu karatasi hii, usiisome kwa sauti jikoni, wala usiisahau juu ya mashine ya kahawa. Hasa juu ya mashine ya kahawa. Kila neno lililomo humu ni siri mpaka Ijumaa jioni, na mwenyewe tunayemsema hupita hapo kila mara kujaza kikombe.

Ijumaa hiyo, tarehe 26 Septemba, Bi Arvella Goodsky anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi katika Nyumba ya Sauti ya Ziwa la Misonobari. Hakuna hata mmoja wetu aliyeikuta nyumba hii bila yeye. Wengi wetu tunamwita Shangazi, hata wale wasiokuwa na udugu naye, na yeye hutuitikia wote kwa ukali uleule.

Alipoajiriwa, nyumba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati, chenye redio ya jamii, kinasa sauti kibovu na ndoo ya kukinga maji ya paa. Aliajiriwa kupiga chapa. Mwaka wake wa pili likaja sanduku kutoka jumba la makumbusho la mjini: nyimbo na hadithi za mababu zetu Waojibwe, wenyeji wa asili wa maziwa haya ya Amerika, zilizonaswa na wataalamu wageni zamani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Wageni hao waliandika tarehe, hali ya hewa na aina ya mashine. Waimbaji waliwaandika hivi: "mwanamume mzee", "mwanamke", "mwingine".

Hiyo "mwingine" ilimkera Bi Arvella. "Mwingine naye alikuwa na mama," alisema, na kauli hiyo ikawa mpango kazi wake mpaka leo.

Alizunguka nyumba kwa nyumba, kinasa sauti kwapani na tumbaku mkononi, maana kwetu mzee haombwi jambo kwa mikono mitupu. Mzee akiipokea tumbaku, amekubali ombi. Asipoipokea, unamsifia samaki wake, unakunywa chai yake, unarudi mwezi ujao. Bi Arvella amesifia samaki wengi. Lakini kila sauti iliyotambuliwa aliipeleka kwanza kwa familia yake, wakaamua wenyewe kama wimbo uimbwe, ulazwe, au usikike nyumbani mwao tu. Leo watoto wa shule hapa wanaimba nyimbo za mababu zao na wanajua ni nani aliyezitunga. Hayo ni matunda yake, ingawa ukimwambia hivyo atakuuliza kama huna kazi ya kufanya.

Hakuwa mtu wa kuchezewa katika mambo ya kazi. Wengi mnakumbuka Julai ile Rollie, mtangazaji wetu, alipoishiwa muziki hewani na kuweka kanda ya kwanza aliyoikuta. Ilikuwa hadithi ya majira ya baridi. Hadithi hizo husimuliwa theluji ikiwa chini na vyura wamelala, na anayezisimulia kiangazi hutembelewa na vyura kitandani. Shangazi aliisikia akiwa bustanini. Aliendesha gari mpaka kituoni akiwa na ndara na glavu za kupalilia, akaizima kanda, akachukua kipaza sauti.

"Jamani, hamkusikia kitu," aliwaambia wasikilizaji. "Na nyie vyura, hamkusikia kitu. Rollie ni mgeni."

"Mimi nimezaliwa hapa, Shangazi!" Rollie alilalamika nyuma yake, na hilo nalo likaenda hewani.

"Basi huna hata udhuru."

Kesho yake Rollie alikuta chura ndani ya kiatu chake. Uongozi ulifanya uchunguzi na haukupata mhusika. Shangazi alichangia uchunguzi huo kwa kucheka mpaka akakaa chini.

Tatizo letu ni kwamba mtu huyu aliyewarudishia wengine heshima zao hapendi kuheshimiwa. Mkurugenzi wetu, Bi Corrine Lussier, alijaribu majira ya kuchipua kumwomba akubali sherehe ya kumuaga. Alijua akimpa tumbaku waziwazi mkono hautanyooshwa, kwa hiyo aliificha ndani ya pakiti ya kahawa yenye utepe. Shangazi aliinusa kwa mbali.

"Corrine, mwanangu, kahawa hii inanuka ombi."

"Ni zawadi tu, Shangazi."

"Zawadi haisubiri jibu huku imesimama mlangoni. Nenda nayo."

Alisema hastahili sherehe kwa sababu kazi haijaisha. Katika sanduku lile imebaki sauti moja isiyo na jina. Ni mwanamke anaimba taratibu, wimbo mfupi unaozunguka, na mwishoni anacheka kwa nguvu na kupaza sauti: "Unaungua!" Kwa miaka mingi tumebishana kama neno hilo ni sehemu ya wimbo. Shangazi amewasikilizisha wazee wa vijiji vyote vya upande wetu na hakuna aliyeutambua. Wiki iliyopita alifunga kabati la kanda, akaegemeza paji la uso kwenye mlango wake, akasema polepole, "Nisamehe, dada. Sikukupata." Alidhani yuko peke yake chumbani.

Sasa ifuatayo ndiyo siri.

Mwezi wa sita, wakati Shangazi yuko likizoni, Bi Corrine alitutuma, Rollie na mimi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kanada, kumwona Babu Wilfred Kabatay. Ana miaka tisini na nne, na Shangazi hakuwahi kumfikia kwa sababu mpaka mwaka huu hakuna aliyejua kwamba utoto wake aliuishi hapa ziwani kwetu. Alipokea tumbaku, akaegemea kiti, akasikiliza. Wimbo ulipofika kwenye kile kicheko, alicheka naye, sekunde ileile, kama mtu anayejua mzaha unapokuja.

"Huyo ni Susette," alisema. "Mama mdogo wangu. Alikuwa anakaanga mchele wetu unaojiotea ziwani, ili ukauke, anaukoroga kwa kasia, na wimbo ndio kipimo cha kukorogea. Ukiisha mara nne, mchele umeiva. Sasa yule mzungu wa kinasa sauti kila saa, 'Rudia, mama, rudia, mama.' Mchele utaachaje kuungua? Uliungua!"

Rollie akamuuliza kama Susette aliacha watoto.

"Binti mmoja. Mchanga sana Susette alipokufa, hata sauti ya mamake hakuibakiza kichwani. Alikuja kuolewa na kijana wa kina Goodsky."

Huyo binti ndiye mama yake Bi Arvella. Kwa miaka kama thelathini na minane Shangazi amekuwa akibeba sauti ya bibi yake mlango kwa mlango, akiwauliza watu wanaijua.

Tulitaka kumpigia simu palepale. Babu Wilfred alikataa. "Mtu hatambulishwi kwa bibi yake kwa simu," alisema. "Wala kwa karatasi. Wimbo wenyewe utamwambia. Mimi ndiye niliyebaki nao, na nitamkabidhi mkononi, ngoma ikiwa imekaa katikati ya watu."

Tangu siku hiyo amekuwa akiwafundisha wimbo huo Rollie na wenzake wa kikundi cha ngoma cha Barafu Nyembamba. Ijumaa atavuka mpaka kuja ukumbini. Shangazi ameambiwa ni sherehe ya kuzaliwa ya Bi Corrine. "Si ulizaliwa Machi wewe?" alimuuliza. Bi Corrine akamjibu kwamba anatimiza hamsini na nusu. Shangazi alimtazama sana, kisha akaenda kununua unga. Ndiye anayeoka keki.

Naandika haya kwa sababu kila mmoja wenu lazima ajue cha kufanya. Baada ya chakula, Babu Wilfred atasema jina la Susette mbele ya watu, na ngoma itaanza. Tusimame wote, wanaume mvue kofia. Ni wimbo wa heshima, na wa kwanza kuingia uwanjani kucheza ni mwenye kuheshimiwa. Asipoingia, hakuna atakayecheza, wimbo utaisha uwanja ukiwa mtupu, na Babu Wilfred amesema kwa umri wake hataweza kuuleta mara ya pili. Kwa hiyo tafadhali asiwepo wa kumtangulia, wa kumvuta mkono, wala wa kumpiga picha. Akijua mapema, atakataa kama alivyokataa yote, na atajifungia nyumbani kwa kisingizio cha kuchuma maharage bustanini. Ndiyo maana nakuomba ukimya kwa namna hii.

Shangazi, utakaposomewa ukurasa huu siri itakuwa imekwisha, na natumaini utatusamehe kwa uongo wa Machi. Asante kwa kila jina uliloturudishia. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, samaki wanaostahili kusifiwa kwa kweli, mchele mwingi kila vuli, na wajukuu wa kukuuliza maswali yasiyoisha. Njoo ututembelee, na utugombeze kama kawaida.

Kwenu wengine: ukiona dalili yoyote kwamba ameshajua, nitafute mara moja. Usipige simu ya ofisi, yeye ndiye huipokea. Usinitumie ujumbe, kwa sababu meza yetu ni moja na macho yake ni mazuri kuliko anavyosema. Saa ya chakula cha mchana zunguka nyuma ya jengo, ugonge dirisha la stoo ya kanda. Siku hizi nakula humo, maana siwezi kutazamana naye nikameza. Usiponikuta, mwachie habari mama yangu kwenye ukumbi wa bingo, meza iliyo karibu na mlango, umwambie ni ya Tessa. Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili jioni nitakuwa kando ya kiti cha Babu Wilfred, kumsaidia kuinuka. Ukinihitaji wakati huo, niguse bega tu, na usiseme kitu mpaka Shangazi apige hatua ya kwanza.