Pikipiki Tatu za Gommaar

Fungeni mlango, dirisha liacheni wazi kidogo, nataka niendelee kusikia ya uani. Bavo, keti. Viatu vyako ni vizuri, tumeshaviona. Wannes, weka hilo taulo chini, uso wangu umepanguswa vya kutosha. Na wewe dada yangu Lutgart, kaa kwenye kiti cha marehemu mke wangu Mariette usikie kwa masikio yako, maana nikishafumba macho hawa wawili watagombana, na kila mmoja atadai kwamba nilisema la kwake. Nisikilizeni wanangu, na msinikatize, pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema neno mara mbili.

Desturi ya chama chetu cha pikipiki kongwe mnaijua. Mwendeshaji akikaribia kufa, pikipiki zake hutolewa uani, na watoto wake huchagua kwa kuweka mkono kwenye usukani, mkubwa kwanza, na mkono ukishagusa hakuna kubadili. Leo asubuhi mmechagua kati ya zangu tatu mbele ya dirisha hili, nami nimewatazama kutoka kitandani. Niliwaambia jambo moja tu: kila mtu achague ya kushindia mbio za wakongwe za Oktoba, kwenye mchanga wetu wenyewe, na kwa uchaguzi huo nitaamua nani apate nyumba hii na gereji yake. Bavo alicheka. Wannes hakucheka, kwa sababu gereji hiyo ndiyo kazi yake, na chumba kilicho juu yake ndiyo nyumba yake, na hana kwingine.

Bavo, ulikwenda moja kwa moja kwenye ile ya Kiswidi. Nilijua. Tangi lake nililing'arisha mwenyewe majira ya baridi, nikiwa bado naweza kusimama, mpaka mtu angeweza kujitazama humo akinyoa ndevu. Ukauweka mkono kama mtu anayemshika bibi arusi, ukamwambia mdogo wako, "Hii ndiyo ya mshindi, hata kipofu anaiona." Kipofu, ndiyo. Mwenye macho angeinama kutazama nyuma. Shokapu zake nilizisogeza mbele kwenye fremu, gurudumu la nyuma likapata nafasi kubwa ya kupanda na kushuka kuliko sheria inavyoruhusu kwa pikipiki za umri ule. Mkaguzi ataleta utepe wake, atapima, atatikisa kichwa kwa huruma, na atakuhamishia kwenye daraja la pikipiki changa. Huko watakupita kushoto na kulia, na tangi lako zuri litarudi limejaa mchanga wa watu wengine.

Usiniangalie hivyo. Nani alikwambia pikipiki ya mbio huchaguliwa kama nyumba unazowauzia watu wa Antwerp, kwa sura ya mbele? Miaka yote nimewaona wanaume wazima wakilifanya kosa hili. Mtu anainunua ile aliyoipenda akiwa shule, ile aliyoibandika picha yake ukutani, halafu anafika mstarini na kukuta daraja lake halina nafasi, au kipuri chake kimebaki kimoja duniani na mwenye nacho hauzi. Swali la kwanza si kasi. Swali la kwanza ni hili: ikivunjika Jumamosi, Jumapili utaendesha nini? La pili, itakuvuta kutoka chini, kwenye mchanga mzito, bila kupiga kelele kama nguruwe? La tatu, ukiwa umechoka, mikono imekufa ganzi, itakusamehe? Hakuna swali la nne. Rangi haimo.

Unasema Wannes alijua kuhusu zile shokapu? Bila shaka alijua. Alinishikia taa nilipokuwa nachomelea. Akanyamaza leo mbele ya kaka yake, na huo ukimya ndio ujanja pekee wa mbio aliowahi kuufanya maishani mwake.

Sasa wewe, Wannes. Ulisubiri kaka yako amalize kujisifu, ukaipita ile ya Kijerumani bila kuitazama, ukaenda kwenye ile ya Kicheki, yenye tangi la rangi ya haradali na kiti kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Hukuuweka mkono upesi. Ulipiga magoti, ukatazama fremu, ukaugusa usukani kwa vidole viwili kama unapima homa. Nikakuuliza dirishani kwa nini hiyo, nawe ukanijibu, "Mbona unaniuliza, Baba, na jibu unalo?"

Ninalo. Umechagua sawasawa. Ni nzito, ni mbaya, na haivunjiki, na ikivunjika kila mkulima kule Ucheki ana injini yake ghalani. Inavuta kama trekta. Nilishinda nayo mbio moja ya mvua, mama yenu akiwa amesimama ukingoni na ubao wake, ameandika neno moja tu: usizubae. Mshindani wangu wa siku zote, Fons Daems, alianguka mbele yangu kwenye kona ya misonobari, mkono wake ukabaki njiani, nami nikapita juu yake. Mpaka leo anauonyesha huo mkono kwenye baa. Naye angepita juu ya wangu, tofauti yetu ni kwamba hakuwahi kuwa nyuma yangu kwa karibu kiasi hicho.

Basi sikieni uamuzi. Mwanasheria ameshauandika, hakuna wa kuupinga. Nyumba na gereji ni za Bavo.

Kaa chini, Lutgart. Nimesema kaa.

Aliyechagua vibaya ndiye anayehitaji kusaidiwa. Bavo hajui kitu, mwacheni awe na kuta. Atauza, najua atauza, atawajengea watu wa mjini vibanda vya wikendi, na mafuta yangu yaliyoingia sakafuni watayafunika kwa vigae. Wannes anajua, na anayejua hahitaji paa langu. Sheria itakupa fungu dogo la urithi, mwanangu, hilo sikuweza kulizuia, nilijaribu. Zaidi ya hapo una ile ya Kicheki na unachokijua, na utatoka nayo leo, kabla ya chakula cha jioni.

Unasubiri niseme asante? Kwa kuniosha, kwa kunilisha uji kama kifaranga? Nilikutazama ukifanya hayo yote nikajisema, huyu hanitunzi, huyu amejificha. Kila Oktoba ulikuwa na sababu. Mama anaumwa. Baba anaumwa. Umeziweka sawa pikipiki za nusu ya eneo letu lote la Kempen, na hujawahi kusimama mstarini kamba ya kuanzia mbio ikisubiri kuruka. Umejificha nyuma ya kitanda cha mgonjwa, nami sitakubali kuwa ukuta wako hata siku moja zaidi. Ondoka. Usinibusu. Ondoka.

Ameweka taulo kwenye kiti. Amelikunja kwanza, mmeona? Hata sasa amelikunja.

Mwacheni. Bavo, usimfuate, huna la kumwambia. Sikia mambo ya mwisho. Ile ya Kijerumani iliyobaki mpelekeeni Fons. Ameitamani maisha yake yote, na sasa magoti yake hayawezi kuipiga kiki. Aiweke sebuleni aitazame. Kwenye mazishi abebe jeneza, lakini upande wa nyuma, aone migongo ya watu kama alivyozoea. Maua sitaki. Baada ya kanisa wapeni kahawa na mikate ya jibini, kahawa iwe nyepesi wasikae. Lutgart achukue saa ya ukutani. Mbwa...

Nyamazeni. Anapiga kiki.

Imekataa. Ina mafuta mengi kwenye kabureta, asubiri kidogo, asubiri... Hiyo. Mnaisikia? Kutoka chini kabisa. Anapita langoni. Gia ya pili bado, bado... sasa. Hakuiharakisha. Vizuri. Asiambiwe kwamba nimesema vizuri.

Anakwenda upande wa misonobari. Kwenye mchanga. Si barabarani, kwenye mchanga.

Haya. Baraka. Mnataka baraka, watu wote hutaka. Mungu awape... hapana Lutgart, nitasema mwenyewe. Mungu awape afya, na mkono usiotetemeka, na awanyime... awanyime usingizi mzuri mpaka mfanye jambo moja barabara. Wewe Bavo akupe akili, hata kama umechelewa, akupe. Na yule... yule ampe...

Kifua kimekaza. Niinue, Bavo. Siyo hivyo. Siyo kwapani, unanivunja. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine nyuma ya... yeye huanza na bega. Siyo hivyo, nimesema. Mwite anionyeshe... akuonyeshe. Lutgart, nenda uani umwite.

Amefika wapi? Simsikii.

Bega, Bavo. Bega kwanza.