Bi. Mwanarehema Matano na Jina Alilokataa Kulitoa

Tarehe 30 Novemba 1963, siku chache kabla ya Uhuru, Bi. Mwanarehema Matano wa Likoni anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika zahanati zetu za ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Aliingia kazini mwaka 1936 akiwa mkunga msaidizi. Anaondoka akiwa msimamizi wa vikao vya mazungumzo, kazi ambayo kabla yake haikuwapo, na ambayo nusura imfukuzishe.

Vikao vilianza mwaka 1958. Watoto wachanga walikuwa wakifa Likoni, Kisauni na Changamwe kabla mama zao hawajatoka arubaini, na zahanati haikujua sababu, maana kina mama waliofiwa hawakuja kusema. Mkuu wetu wa wakati ule akaamua waitwe makundi makundi, waulizwe. Bi. Mwanarehema alikubali kuwauliza, ila kwa masharti yake. Alivua sare nyeupe akajifunga leso, akaketi mkekani pamoja nao. Kabla ya lolote aliwaeleza amekuja kwa nini. Anayetaka kunyamaza anyamaze, anayetaka kuondoka aondoke bila kuulizwa, na jina la mtu halitatoka pale.

Dereva wetu, Nicanor, aliamriwa aliache gari la serikali mbali, madukani, watu wasidhani kuna mtu anayekuja kukamatwa, naye akae hukohuko. Siku moja alisogea apate kusikia. Akatumwa kuteka maji, na aliteka mpaka kikao kikaisha. Mama mkwe mmoja wa Likoni naye alikataa katakata kuondoka kwenye mkeka alioketi mke wa mwanawe. Bi. Mwanarehema hakugombana naye. Alimwahidi kikao cha mama wakwe peke yao, na siku ilipofika bibi yule alikuja na tambuu zake za kutafuna, akazungumza mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Kisha, mwaka 1959, ikaja siku ya kikao cha Mishomoroni, upande wa Kisauni. Mwanamke kijana aitwaye Dhahabu, aliyekwisha kuzika watoto wawili, alieleza jinsi kila mmoja alivyoacha kunyonya, taya zikakaza, mwili ukawa mkavu kama ubao. Nyumbani walisema ni nyuni, ndege wanaodhaniwa kuwashika watoto. Wenzake wakaanza kusimulia yaleyale, wengine kwa mara ya kwanza tangu wazike. Bi. Mwanarehema aliitambua pepopunda. Akauliza taratibu kitovu kilikatwa kwa kitu gani. Kwa kisu cha jikoni, walisema, kisha kikapakwa majivu. Na aliyekata alikuwa mtu mmoja, mkunga wa mtaa. Dhahabu alimtaja kwa jina: alikuwa shangazi yake.

Mkuu aliposikia habari hizo alilitaka jina, ili mkunga apelekwe kwa chifu na kushtakiwa. Bi. Mwanarehema akakataa. Mkuu akamwuliza kama yuko radhi watoto waendelee kufa.

"Siko radhi, Bwana," alijibu. "Lakini waliniambia kwa sababu niliwaahidi. Nikilitoa jina hili, hakuna mama atakayetuambia tena mtoto wake amekufaje."

Alisimamishwa kazi siku ileile.

Tulidhani atakaa kwake Likoni angoje kuitwa. Asubuhi yake alipanda feri, akavuka daraja la Nyali, akafika Mishomoroni na mkasi wake na sufuria. Alikwenda kwanza kwa Dhahabu kumwomba ruhusa ya kumweleza mkunga. Dhahabu aliogopa. Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Angewezaje kumwambia kwamba mikono yake ndiyo iliyowaua watoto? Akaomba muda wa kufikiri. Bi. Mwanarehema akampa, wala hakumharakisha.

Lakini walikuwako wajawazito waliokaribia kujifungua. Basi akamwendea mkunga, akamwamkia, akaomba amsaidie kazi, kama mkunga kwa mkunga mwenzake. Akakaribishwa. Kila mwanamke aliposhikwa na uchungu, yeye ndiye aliyechemsha mkasi na uzi, akakata kitovu na kukifunga kwa kitambaa safi. Alilala katika nyumba za watu, mshahara hana. Alitwambia baadaye kwamba hakuna kilichomuumiza kama kule kunyamaza mbele ya bibi aliyekuwa akimgawia chakula chake.

Hatimaye Dhahabu alikuja mwenyewe, akaketi mbele ya shangazi yake, akasema, "Shangazi, niliyekutaja ni mimi." Akamweleza yote. Bibi yule akamgeukia Bi. Mwanarehema.

"Wote wale, mwanangu?"

"Hukujua, bibi," alijibiwa. "Hata sisi hatukujua mpaka tulipoambiwa."

Kwa siku kadhaa mkunga hakutoka nje. Alipotoka, alitaka kufundishwa kuchemsha mkasi. Jina lake, kama lile la Dhahabu, tunaliandika hapa kwa idhini ya mwenyewe: ni Bi. Mwanarusi. Mwenyewe aliwaita kina mama aliowazalisha, akawaambia kilichotokea. Wako waliolia naye, na wako ambao hadi leo hawamwamkii. Hakuna aliyewalazimisha kumsamehe.

Huku ofisini mambo yalikuwa yamekwama. Msimamizi mwingine alipelekwa Kisauni, kina mama wakamjibu salamu tu. Mkuu akamwita Bi. Mwanarehema arudi. Alirudi kwa sharti moja, kwamba ahadi aliyokuwa akiitoa mkekani iwe sasa ahadi ya ofisi nzima. Mkuu, tumpe haki yake, alikubali na hakuivunja. Kwa ahadi hiyohiyo wafanyakazi wa viwandani Changamwe waliweza kuzungumza juu ya kifua kikuu wasiogope kufukuzwa, na msimamizi wao aliyejipenyeza kuja kusikiliza alitolewa na Bi. Mwanarehema mwenyewe hadi mlangoni.

Pepopunda haijaisha. Lakini Bi. Mwanarusi sasa anawafundisha wakunga hadi Kiembeni, na Dhahabu ana mtoto wa kiume ambaye kwa utundu wake jirani hawalali mchana.

Bi. Mwanarehema, tunakushukuru kwa subira yako na kwa ukaidi wako pia. Mungu akujaalie afya njema na pumziko la raha miongoni mwa watu wako wa Likoni.

Wasomaji wajue tu kwamba sherehe ya kumuaga ilipangwa Alhamisi. Mstaafu aliikataa siku hiyo, kwa kuwa alikuwa amewaahidi kina mama wa Mtongwe kikao. Hivyo tutaonana Jumamosi.

Pascalia, muuguzi,
kwa niaba ya wafanyakazi wa zahanati ya Changamwe