Madaraja ya Njiti ya Mwalimu Ansbert

Ndugu waombolezaji, mimi ni Revelian, mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo kwa kweli niliomba apewe mtu mwingine.

Mwalimu Ansbert Rwegoshora alizaliwa tarehe 14 Machi 1909 huko Kamachumu, Bukoba, mtoto wa kwanza wa mzee Wilbert na mama Kokuberwa, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1926, akapata cheti cha ualimu mwaka 1929, na mwaka 1938 akahamishiwa Dar es Salaam, kufundisha watoto wadogo katika shule moja ya Temeke. Tarehe 8 Juni 1940 alifunga ndoa na Avelina, wakajaliwa watoto wawili, Jovina na Audax, wakajenga nyumba yao Kinondoni, nami nikala mezani kwao kila Jumapili.

Darasani kwake watoto walikuja na makopo, magunzi, njiti za makuti na nyuzi za katani, wakagandisha kwa uji wa muhogo, kila mmoja akijenga daraja kati ya viti viwili, la kubeba pishi nzima ya mchanga. Likivunjika hakuchapwa mtu, ila mjenzi alisimama mbele ya wenzake akaeleza limevunjikia wapi na kwa nini, ndipo akajenga tena. Mwaka 1951 aliondolewa darasani, akapewa kutunza stoo ya vitabu.

Februari mwaka huu wa 1957 alianza kuugua ini, akalazwa, akafariki juzi Ijumaa, tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi. Jumanne nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Historia yangu utaisoma wewe, Revelian. Mwaka wa hamsini na moja usiupite juu juu."

Nami nimeupita hivyo hivyo, mmenisikia, kwa hiyo nawaomba radhi nirudi nyuma.

Aliondolewa kwa sababu ya barua isiyo na jina, iliyodai kwamba hasomeshi, anawachezesha watoto wa watu takataka. Barua hiyo niliiandika mimi, kwa kuwa makarani wenzangu walinicheka kwamba kaka yangu, mtu mzima na cheti chake, anaokota makopo jalalani, nikaona haya, nikadhani atakanywa tu. Shemeji Avelina, umeniuliza mara nyingi ni nani aliyetufanyia vile, nami, tonge lako likiwa mkononi mwangu, nikajibu kuwa walimwengu ni wabaya. Kaka alijua, sijui tangu lini, na mezani kwake hakunifukuza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Kinondoni waliotupikia na kututandikia mikeka, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa zamani walioacha kazi zao waje kumbeba. Waliosoma pale baada ya mwaka ule hawakujenga kitu, na hao nawaomba msamaha.

Kaka, ulinisubiri, pengine miaka sita yote, niyaseme haya ukiyasikia, nami nimeyasema leo, husikii tena. Pumzika kwa amani niliyokunyima.