Bi Tabia, Mshenga wa Barafu

Wasikilizaji wapendwa, aliye saluni na azime draya. Aliye dukani amalizane na mteja. Mimi ni Vuai, na leo tunamkumbuka Bi Tabia, fundi cherehani wa Doornfontein hapa Johannesburg, mwenyeji wa Tanga. Bi Tabia alifariki mwezi Juni mwaka huu wa 2019. Arobaini yake ilisomwa Ijumaa iliyopita.

Nianze na ukweli. Mtu akifa huwa malaika ghafla. Bi Tabia hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Habari za majengo ya Hillbrow alizijua kabla ya wenye majengo. Na alikuwa mshenga. Ndoa alizozisimamia, nyingine zilivunjika kabla pilau haijapoa. Ukimtania hivyo, alikujibu hapo hapo: "Mimi nilipeleka maneno. Kuishi waishi wao!"

Lakini leo hatuzungumzi ndoa. Tunazungumza barafu.

Kuna mchezo wa kuteleza juu ya barafu, wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Chini ya viatu kuna chuma chembamba. Mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa, na wote wawili wanakwenda mbio. Humrusha, naye hutua kwa mguu mmoja. Akimwachia vibaya, chini hakuna jamvi wala mchanga. Wachezaji wa namna hiyo hapa Johannesburg ni wa kuwatafuta kwa tochi.

Mwaka 2015 alikuwepo mmoja. Pacifique, kijana wa miaka ishirini, mtoto wa Mama Marcelline, msusi wa Yeoville aliyetoka Bukavu. Alikuwa na kipaji. Hakuwa na mwenzi. Kocha wake, mama wa makamo wa hapa hapa, alimwambia atafute msichana, la sivyo aachane na mchezo huo. Na msichana alikuwepo, kwenye ukumbi uleule, anateleza peke yake. Najma, miaka kumi na tisa, binti wa Bwana Nassir wa Tanga, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Hillbrow.

Sasa nani ataingia nyumbani kwa mtu wa Tanga kumwambia kwamba kijana wa Kikongo anataka kumnyanyua bintiye? Mama Marcelline hakuthubutu. Akamwendea Bi Tabia. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Bi Tabia alisuka kwake, naye Mama Marcelline alishona kwa Bi Tabia. Bi Tabia hakujua lolote kuhusu mchezo ule. Alijua namna moja tu ya kwenda kwa watu kuomba mtoto wao. Akajifunga buibui lake jipya, akaenda kama anayepeleka posa.

Bwana Nassir anakumbuka. "Nikamuuliza, Bi Tabia, nani anaoa? Akasema, haoi mtu. Nimekuja kukuomba Najma akacheze. Atashikwa, atainuliwa, mchana kweupe, mbele ya watu. Nakwambia mimi leo, usije ukaambiwa na jirani. Nikamuuliza, na akivunjika je? Akasema, akivunjika, njoo kwangu. Usiende kwa kijana, usiende kwa kocha. Njoo kwangu."

Njoo kwangu. Yashikeni maneno hayo, wasikilizaji. Bi Tabia aliweka dhamana. Dhamana yake ilikuwa mwili wa Najma urudi nyumbani mzima.

Na hakuiweka mdomoni tu. Kila Jumamosi alipanda teksi mpaka ukumbini, akakaa na blanketi magotini, anatetemeka, analalamika. Mavazi ya mchezo yalipomfika mkononi alipiga kelele: "Loo! Nguo gani hii, inaanzia kwapani inaishia kiunoni?" Akamshonea Najma yenye mikono mirefu, na suruali ya kubana ndani yake. Najma anacheka akikumbuka. "Eish, ilikuwa nzuri kuliko za wengine. Waliniuliza nimeinunua wapi."

Mwaka 2017 kocha yule mama alihamia Cape Town. Vijana wakabaki bila mwalimu. Akaja kocha mpya, Gaël, Mkongo aliyekulia Ubelgiji. Kijana, mkali, anajua kazi. Yule mama alikuwa mwalimu wa polepole. Gaël alitaka kurusha juu zaidi na kuinua kwa mkono mmoja. Bi Tabia akamfuata. Kwake yeye, kocha akibadilika, mazungumzo yanaanza upya. Akamwambia yaleyale aliyomwambia Bwana Nassir. Gaël anakiri kwamba alicheka. "Niliona ni mambo ya harusi. Nikasema, sawa, Mama, nimesikia."

Mazoezi yakawa makali. Kwa mwaka mmoja wale wawili walipanda mpaka watu wakaanza kuwataja. Mwaka 2018 mashindano ya taifa yalikaribia. Kwa Pacifique, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya maisha yake.

Wiki ileile ya mashindano, Bi Tabia aliingia ukumbini siku isiyo yake. Hakukaa. Alikanyaga barafu na viatu vyake vya kawaida, mkono mmoja ukutani, mpaka akawafikia. Muziki ukazimwa. Akamwambia Pacifique, "Mwanangu, inua mkono wa kulia. Usimguse mtu. Inua tu."

Pacifique aliuinua. Ulifika sikioni, ukagoma. Machozi yakamtoka mbele ya kila mtu.

Bega lilikuwa limeharibika. Alikuwa akilificha kwa miezi, anameza dawa za maumivu na kunyamaza. Kocha hakujua. Najma hakujua. Bi Tabia akamshika Najma mkono, akamgeukia Gaël. "Nilimwomba kwao. Namrudisha kwao." Wakatoka.

Mashindano yakapita bila wao. Baadaye Gaël alimtafutia Najma mwenzi mwingine, na ni Bi Tabia huyohuyo aliyekwenda tena kwa Bwana Nassir kumwombea. Pacifique alipasuliwa bega, hakuinua mtu tena, na siku hizi humsaidia Gaël kufundisha watoto. Daktari alimwambia kwamba lingemwachia katikati ya mbio, huku mtu yuko juu. Lakini kijana hakumsamehe. Alimwambia mama yake: ukizungumza na mwanamke yule, mimi nahama. Mama Marcelline akaacha kumsuka Bi Tabia. Alisema saluni, mbele ya wateja, kwamba Bi Tabia amemuuza mtoto wake. Walikutana barabarani, mmoja akavuka upande wa pili.

Watu walimuuliza Bi Tabia, nani alikwambia habari za bega? Bwana Nassir alimuuliza. Gaël alimuuliza. Jibu lilikuwa lilelile: "Nina macho." Pacifique alimshuku kocha. Alimshuku Najma. Alimshuku kila mtu isipokuwa mmoja.

Mwezi Juni, presha ilimwangusha Bi Tabia kwenye cherehani yake. Hakuamka. Mazishini alikuja Najma, alikuja Gaël, ilikuja nusu ya Hillbrow. Pacifique hakuja. Mama Marcelline alisimama nje ya geti la makaburi. Hakuingia.

Wiki iliyopita alitupigia simu studioni. Akasema ana neno. Mimi kazi hii naifanya miaka, sikutegemea nitakalolisikia. Nalisoma kama alivyolisema.

"Ni mimi njo nilimwambia. Niliona mutoto wangu anashindwa kuvaa shati. Nilijua ataua ule binti, ama ataua roho yake mwenyewe. Lakini kumukataza sikuweza, bana. Ile mchezo ilikuwa maisha yake. Nikamutuma Tabia. Nikamwambia, usiseme ni mimi. Akasema, kazi yangu ni hii. Mutoto akamuchukia, na mimi nikajifanya namuchukia, ili mutoto asiondoke kwangu. Kila siku nilisema, kesho nitaenda nimwombe musamaha. Yeye hakunitaja hata siku moja. Alikufa na siri yangu."

Nilimuuliza, Mama, Pacifique anajua? Akasema hapana. Amejaribu, mdomo haufunguki. Ametuomba tuseme sisi.

Tunawapa pole familia ya Bi Tabia, hapa na kule Tanga. Pole Najma. Pole Bwana Nassir, uliyeahidiwa na ukatimiziwa. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani anabeba lawama yetu leo, na tunamvukia barabara?

Na wewe, Pacifique. Najua Gaël huwasha redio hii ukumbini mnapowafundisha watoto. Umesikia. Mama yako yuko saluni mpaka saa kumi na mbili. Nenda.