Klipu za Waya na Safari ya Shangazi

Benchi la kijiwe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi bovu, kimeegemezwa ukuta wa karakana, na wenyeji walijua upande upi una springi inayochoma. Alasiri ile walikuwepo watatu wa kudumu: Fundi Taratibu, mwenye karakana, Ushahidi, karani mstaafu wa mahakama, na Waziri, dereva wa teksi asiyekosa wizara ya kusimamia. Wa nne alikuwa Kinyozi, aliyefunga duka mapema tena, kopo la klipu mapajani. Mbele yao lilisimama gari la shangazi yake, yule aliyemlea. Kwa miaka mingi kuku walitagia ndani yake, mpaka Kinyozi akaapa kumrudishia likiwa vile vile lilivyokuwa. Injini ilishafanyiwa kazi, rangi ilishapigwa, viti vilishashonwa. Zilibaki klipu mbili tu, za kukazia mpira wa rejeta.

— Narudia, alisema Fundi, klipu ya mkanda ndiyo klipu. Unakaza bisibisi, inakumbatia mpira kotekote. Hizi za waya zinang'ata kama panya.

— Lakini orijino yake ni za waya, alisema Kinyozi.

— Ushahidi uko wapi? aliuliza Ushahidi.

— Si nilizikuta mwenyewe? Zimeliwa na kutu.

— Huo si ushahidi, hiyo ni maiti. Nani aliziona zikifungwa? Huenda kiwandani zamu ya asubuhi walifunga waya, zamu ya jioni wakafunga mkanda. Hili ni la zamu ipi?

Kinyozi alishusha pumzi. Mambo ya zamu hakuwa ameyafikiria hata kidogo.

— La jioni, alisema Waziri. Angalieni rangi ya viti. Kahawia ile kaichagua mtu aliyechoka.

— Waziri, acha kutupiga kamba, alisema Fundi.

— Kamba? Kuna jamaa yangu alilitia gari lake la zamani klipu za kisasa. Linawaka vizuri, linatembea vizuri, ila likifika mteremko wa sokoni, linazima. Kisa? Aibu! Pale huegeshwa magari ya rika lake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Na guu la gari ni lipi?

— Tairi, Fundi. Usijitie ujinga.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kinyozi naye alicheka, maana alikuwa na raha zake. Kubishana juu ya klipu kulikuwa kutamu kuliko kunyoa vichwa vya watu wasiotulia. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Zamani, kila alipompelekea shangazi chakula, aliulizwa habari za gari kabla ya salamu. Siku hizi shangazi haulizi tena, na hilo lilimtia hofu kuliko kutu yoyote.

— Tungoje kidogo, alisema. Muuza spea ameniahidi za waya, zenye skrubu ya kichwa cha mviringo.

— Bapa! alikemea Ushahidi. Za wakati ule zilikuwa na kichwa bapa.

— Mviringo.

— Bapa!

— Nyie mnabishania kichwa, alisema Waziri, mimi nauliza uso. Skrubu itatazama wapi? Ikitazama kulia, gari zima linavuta kulia. Mtaishia mtaroni.

Ushahidi alikohoa kama hakimu anayetaka kusoma hukumu.

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Hapo umenena, alisema Waziri. Rejeta isitiwe maji mpaka tuafikiane.

Hata Fundi akajikuta anaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo shangazi mwenyewe alipotokea kwenye kona, kwa miguu yake, mtandio begani, amevaa viatu vya kutokea. Wote wakainuka.

— Shikamoo, shangazi!

— Marahaba, wanangu. Kaeni. Limebakiza nini?

Kinyozi akamweleza yote. Akafungua kopo, akamwonyesha zile za waya zenye kutu na za mkanda, akagusia zamu za kiwandani. Mama yule, aliyekuwa mkunga maisha yake yote, alimsikiliza kwa subira aliyowasikilizia wanaume waliokuwa wakihangaika nje ya mlango wa wodi ya wazazi.

— Kwani haliwaki?

— Linawaka, alisema Fundi.

— Halitembei?

— Likitiwa maji, linatembea.

— Basi nitapanda lini?

Ushahidi akachungulia kikombe chake. Fundi akajifuta mkono uliokuwa mkavu. Waziri, mwenye majibu ya wizara zote, alitazama barabara.

— Shangazi, alisema Kinyozi, nilitaka liwe kama lilivyokuwa.

— Mimi mwenyewe siko kama nilivyokuwa, baba. Mbona spea zangu hujazitafuta?

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye. Kinyozi alicheka huku machozi yanamlenga. Akachukua klipu mbili za mkanda bila kuangalia skrubu zake zinatazama wapi, Fundi akampa bisibisi, na Ushahidi, bila kudai ushahidi wowote, akaleta ndoo. Maji yakatiwa. Wakainama wote wanne kuukodolea macho mpira ule, wakangoja. Halikudondoka hata tone.

Kinyozi akafungua mlango wa abiria, akakipangusa kiti kwa kiganja, akasimama pembeni kama bwana harusi. Shangazi akampita. Akazunguka boneti polepole, mkono ukipapasa bati, akafungua mlango wa dereva na kuketi nyuma ya usukani.

— Sikuja kubebwa, alisema. Lete ufunguo.

Kinyozi akaleta. Injini ikanguruma, na Waziri akatimka mbio kwenda kuiondoa teksi yake njiani.